Fundi wa Kibuye aliyeipima simu ya mama kabla ya kuifungua

Kibanda ninachokiandikia tathmini hii kiko Kisumu, karibu na Soko la Kibuye, na kibao chake hakina jina ila maneno mawili yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: Fundi Simu. Nimekwenda hapo mara tatu ndani ya wiki mbili kwa sababu iliyoanzia kwenye simu moja iliyokataa kuchaji, simu ya mama yangu, na kwa kuwa kabla ya hapo nilikuwa nimelipa pesa nyingi mahali pengine bila kupata tiba, naona ni haki nieleze kwa kirefu kile nilichokiona kikifanyika juu ya meza yake.

Mama anaishi Ahero, eneo la mashamba ya mpunga nje ya Kisumu. Mwezi wa Aprili mvua ilimkuta njiani akitoka shambani, simu ikalowa ndani ya mkoba, na jirani akamshauri aifukie kwenye gunia la mchele. Ahero ushauri huo ni rahisi kuufuata, maana mchele wa skimu ya umwagiliaji haukosi nyumbani. Simu ililala humo usiku mmoja, na asubuhi mama akaitoa, akaipangusa kwa leso, akaichomeka kwenye chaja. Ilichaji kwa kusuasua siku chache, kisha ikakataa kabisa. Pesa za chama, kikundi chao cha kuweka akiba, hupitia kwenye simu hiyo, wanunuzi wa mpunga humpigia kwa simu hiyo, na dada zangu walioko mbali humwona uso kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo kila siku iliyopita ikiwa imezima ilimuumiza.

Niliipeleka kwanza kwenye duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Kijana wa kaunta aliichomeka kwenye chaja yake, akasubiri kama dakika moja, akasema betri imekufa. Hakujaribu kebo nyingine, hakutazama tundu la chaji, wala hakuuliza kama simu iliwahi kuingia maji. Nililipa shilingi 2,800, betri mpya ikawekwa, simu ikawaka mbele yangu ikionyesha asilimia 58, nami nikaondoka nikishukuru. Siku mbili baadaye mama alinipigia kwa simu ya jirani akaniambia imezima tena. Betri mpya hutoka kiwandani ikiwa tayari na chaji kiasi, na chaji hiyo ndiyo iliyonidanganya: kilichokuwamo kilitumika kikaisha, na hakuna kilichoingia, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa haujaguswa. Niliporudi dukani niliambiwa huenda betri hiyo nayo ina kasoro, niongeze pesa niwekewe ya aina bora. Nilikataa. Risiti sikuwa nimepewa, na betri ya zamani, ambayo sasa naamini ilikuwa nzima, sikurudishiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa pamoja na maelezo anayohitaji ili anufaike nayo, na katika duka lile nilikosa vyote viwili.

Kibuye tulikwenda Jumapili, mama na mimi, siku ambayo soko hufurika hata mahali pa kukanyaga hapaonekani. Fundi, mwanamume wa makamo, alimvutia mama kiti kabla ya kuishika simu, kisha akauliza, "Mama, hii simu iliingia maji?" Mama alimweleza habari ya mvua na ya mchele. Akamuuliza tena, "Na baada ya kuitoa kwenye mchele uliichaji siku hiyo hiyo?" Mama akajibu, "Ndiyo, mwanangu, niliona imekauka." Fundi hakumlaumu. Alimweleza kwa upole kwamba mchele hauvuti maji yaliyokwama ndani ya tundu, na kwamba unga wake huingia humo ukajishindilia. Jambo hilo hata kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake mwaka 2024. Kilichoidhuru zaidi, alisema, ni umeme kupita penye unyevu, kwa kuwa hapo ndipo shaba ya zile pini nyembamba huanza kuliwa na kutu. Simu iliyolowa izimwe, ipigwe taratibu kiganjani tundu likitazama chini, iachwe mahali penye upepo, na isichomekwe mpaka ikauke kabisa, hata ikichukua siku nzima au zaidi.

Baada ya hapo alichukua kifaa kidogo chenye ukubwa wa kidole gumba, kina kioo kinachoonyesha tarakimu, akakiweka kati ya chaja na kebo. Hiki ndicho kilichonifanya niandike. Kifaa hicho huonyesha volti, yaani msukumo wa umeme unaotoka kwenye chaja, na ampea, yaani wingi wa umeme ambao simu inavuta, na kwa tarakimu hizo mbili fundi hujua aanzie wapi. Volti zisipoonekana, lawama ni ya chaja au soketi ya ukutani. Volti zikiwapo na ampea zikabaki sifuri, ama kebo imekatika ndani ama simu yenyewe haipokei, na kebo nyingine huamua ni ipi kati ya hizo mbili. Ampea zikiwa chache mno au zikirukaruka, mara nyingi pini hazigusani vizuri. Kwa simu ya mama kilisoma volti 5.1 na ampea 0.00. Alibadilisha kebo, tarakimu zikabaki zile zile. Alibadilisha chaja, hali ikawa ile ile. Aliiacha imechomekwa nusu saa nzima, kwa sababu betri iliyoishiwa chaji kabisa huchukua muda kabla ya kuonyesha dalili yoyote kwenye kioo, na wakati huo wote akawa anamhudumia mwendesha bodaboda mmoja ambaye simu yake ilikuwa imefungwa kwenye usukani juani tangu asubuhi. Fundi alimwambia kijana huyo kwamba simu haina tatizo lolote ila joto, kwamba simu huzuia chaji yenyewe ili kuilinda betri, na kwamba aitoe kwenye kava aiweke kivulini. Ilipopoa ikachaji, na kijana akaenda zake bila kutozwa hata shilingi.

Nusu saa ilipoisha bila mabadiliko, fundi aliizima taa ya dari, akawasha taa ndogo ya mezani, akalielekeza tundu kwenye mwanga na kunipa lenzi nitazame mwenyewe. Kwa macho matupu nilikuwa nimeliona tundu safi. Kwa lenzi niliona ukoko wa rangi ya maziwa uliokauka kwenye kona zote mbili, na chini yake nyuzi za kitambaa cha mkoba zilizoshindiliwa zikawa ngumu kama kifutio cha penseli, kiasi kwamba kebo ilikuwa haifiki mwisho. Alichonga kijiti cha meno kwa wembe mpaka kikawa chembamba kama jani, akaanza kuchokoa kutoka pembeni kuelekea nje, polepole, bila kukigusa kile kiulimi cha katikati kinachobeba pini. Tundu la aina ya USB-C lina pini 24 zilizogawanywa juu na chini ya kiulimi hicho, na sindano ya chuma inaweza kuzipinda au kuziunganisha zikapiga shoti, ndiyo maana chuma hakitumii. Aliyoyatoa aliyapanga juu ya karatasi nyeupe: uchafu wa kijivu, chembe za mchanga, na vipande viwili vya punje ya mchele. Mama alivitazama kwa muda bila kusema kitu. Kisha fundi akasugua kwa brashi laini iliyochovywa kwenye spiriti safi, akasubiri ikauke, akapima tena.

Kifaa kilisoma ampea 0.35, kikashuka hadi 0.10, kikapanda tena. Picha ya betri ilitokea kwenye kioo, nami nikafurahi. Wengi wangeishia hapo, wakapokea pesa zao. Yeye alitikisa kichwa. Aliitazama kwa hadubini, akatuonyesha pini mbili zilizokuwa nyeusi na moja iliyokonda kuliko wenzake, akasema simu itachaji wiki hii na kukataa wiki ijayo. Alitutajia bei kabla ya kufungua chochote: shilingi 200 za kupima na kusafisha, na shilingi 1,300 kama tungetaka abadilishe ule ubao mdogo wa chini unaobeba tundu la chaji, ambao mafundi huuita sistemu ya chaji. Alisema wazi kwamba ubao alio nao si wa kampuni iliyoitengeneza simu. Tulikubali, akatoa laini na kumkabidhi mama mkononi, wala hakutaka kujua namba yake ya siri, kwa kuwa kazi ya chaji haihitaji kufuli ya kioo ifunguliwe. Ubao wa zamani alitufungia kwenye karatasi pamoja na risiti ya mkono. Ubao mpya ulipowekwa, kifaa kilisoma volti 5 na ampea 1.8, tarakimu zikatulia.

Mara ya pili nilirudi peke yangu kulalamika, kwa sababu simu ilikuwa imepoteza uwezo wa kuchaji haraka. Zamani chaja ile ile ilipanda hadi volti 9 simu ilipoomba, na sasa haivuki volti 5. Fundi alikiri kwamba ubao wa kuiga mara nyingi hauna sehemu inayozungumza na chaja ili iongeze volti, na kwamba alipaswa kunieleza kabla hajauweka. Naliona hilo kuwa kosa la kweli, kwa kuwa mteja mwingine angelipa zaidi apate ubao kamili, nami sikupewa nafasi ya kuchagua. Mama huchaji usiku akilala, kwa hiyo hakujali, lakini mtu anayechaji akiwa mbioni angejali sana. Vilevile hakutuambia, mpaka nilipouliza, kwamba simu ikishafunguliwa gundi yake ya kuzuia maji hairudi kama ilivyotoka kiwandani. Na kibanda chenyewe kiko wazi upande wa barabara. Vumbi la Kibuye ni jingi, na ingawa hufunika kazi kwa kitambaa, mahali panapofunguliwa simu pangestahili kioo au angalau pazia.

Mara ya tatu nilikwenda na simu yangu mwenyewe, nzima, nipate kuiona tarakimu yake ikiwa na afya. Alinipimia bure na kunielekeza mahali pa kununua kifaa kama chake, nami nimekinunua. Tangu hapo nimegundua kwamba mojawapo ya kebo tatu za nyumbani kwetu inapitisha ampea 0.4 tu kwa chaja inayotoa 2, na tulikuwa tukiilaumu simu ya mke wangu kwa miezi.

Ningempa fundi huyu nyota nne kati ya tano. Hufunga Jumamosi kwa ajili ya Sabato, na Jumapili mchana foleni hufika nje, hivyo ni vyema kufika kabla ya saa nne asubuhi. Nenda na chaja na kebo unayoitumia nyumbani, maana huanza kwa kuzipima hizo, na kama betri imevimba au kifuniko cha nyuma kimeinuka usiichomeke tena njiani, mwambie mapema ili aishike kwa tahadhari. Simu ya mama imeingia wiki ya sita. Jana jioni nilikwenda Ahero na kile kifaa mfukoni, nikakiweka kati ya chaja yake na kebo, kikasoma 1.79.