Pauper ya Magic: Faeries ya tempo au bluu-nyeusi ya udhibiti?

Pauper ni ule mtindo wa Magic: The Gathering unaoruhusu tu kadi zilizowahi kuchapishwa katika daraja la kawaida, ndiyo maana deki zake nyingi zina bei nafuu. Mgeni anayependa bluu, moja ya rangi tano za kadi, hukutana na deki mbili zinazochangia kadi nyingi lakini zinashinda kwa njia tofauti: Faeries, ya bluu tupu, na ile ya bluu-nyeusi ya udhibiti. Kwa anayeweza kununua moja tu, tunapendekeza aanze na Faeries.

Faeries tunayoikubali ina ardhi 17 za Island na viumbe 16: Delver of Secrets 4, Faerie Seer 4, Spellstutter Sprite 4 na Ninja of the Deep Hours 4. Zinazobaki ni Counterspell 4, Brainstorm 4, Ponder 4, Preordain 4, Force Spike 3, Spell Pierce 3, Snap 3 na Vapor Snag 2. Jumla 60. Ukikuta orodha ya zamani yenye Daze au Gush, iache. Zilipigwa marufuku Mei 2019.

Utamu wake uko kwenye ninjutsu, uwezo wa Ninja kubadilishana nafasi na kiumbe anayeshambulia. Zamu ya kwanza unaweka Faerie Seer na kupanga kadi mbili za juu. Zamu ya pili unashambulia; asipozuiwa, unalipa mana 2 (mana ni malipo ya kadi, hutoka kwenye ardhi), unamrudisha mkononi, na Ninja anaingia mahali pake akiwa tayari anashambulia. Anapiga 2, unavuta kadi, na Seer anakusubiri umtumie tena. Ukimrudisha Spellstutter Sprite ni bora zaidi, kwa sababu kila akiingia anaweza kufuta kadi ya mpinzani. Tempo ni hiyo: mpinzani anatumia mana zake na hapati kitu, huku pointi zake 20 za uhai zikipungua.

Wengi wanakosea hapohapo kwa Sprite. Uwezo wake wa kufuta unafika kadi yenye bei isiyozidi idadi ya Faeries ulio nao, na hesabu hiyo ni ya wakati inapotekelezwa, si wakati Sprite anapoingia tu. Una Sprite na Seer, unalenga kadi ya mana 2. Mpinzani akimuua mmoja wao papo hapo, hesabu inashuka hadi 1 na kadi yake inapita. Dhidi ya deki nyekundu, zinazoua viumbe haraka, basi, lenga kadi ya mana 1 au tumia Counterspell, inayofuta kadi ya bei yoyote. Delver naye ana masharti yake: hugeuka kuwa kiumbe kikali zaidi kadi ya juu ya rundo ikiwa ya papo hapo (instant) au ya uchawi (sorcery). Kwa kadi 27 za namna hiyo kati ya 60, uwezekano wa kugeuka mwanzoni mwa zamu ni asilimia 45 hivi. Usimtegemee bila Brainstorm ya kuweka kadi sahihi juu ya rundo. Na ujiandae kwa Electrickery, ambayo kwa mana 3 inafagia viumbe vyako vyote vya 1/1 (shambulio 1, uhai 1).

Bluu-nyeusi inataka ardhi 23. Hesabu ni rahisi: ukianza wa pili, kufikia zamu ya nne umeona kadi 11, na kwa ardhi 23 wastani ni ardhi 4.2, kwa 17 ni 3.1 tu. Udhibiti unaokwama kwenye ardhi tatu umeshakufa. Inaua kwa Cast Down na Chainer's Edict, inasafisha meza kwa Crypt Rats, inajaza mkono kwa Deep Analysis, halafu inamaliza kwa Gurmag Angler au Tolarian Terror. Angalia kaburi lako, yaani rundo la kadi zilizotumika na viumbe vilivyokufa: Angler anaondoa kadi kaburini ili ashuke bei, Terror naye hushuka bei kwa kuhesabu za papo hapo na za uchawi zilizomo humo. Mlipie Angler kwa ardhi na viumbe vilivyokufa kwanza. Dosari nyingine ni ardhi kama Dismal Backwater zinazoingia zimelala, hazitoi mana zamu hiyo. Zikizidi, Counterspell ya zamu ya pili inachelewa, na mpinzani mwenye kasi hakungoji.

Udhibiti hung'ara pale wengi wanapocheza viumbe vidogo. Ukikutana na Tron, deki yenye ardhi za Urza's Mine, Power Plant na Tower zinazotoa mana nyingi zikikutana, kukaa ukisubiri ni kumpa muda anaoutaka. Hapo Faeries ni bora mara nyingi. Kwenye Magic Online, programu ya kuchezea mtandaoni, saa nayo ni adui, maana kila mchezaji ana dakika 25 za mechi nzima.

Usinunue deki ya katikati. Ardhi 20, viumbe 8, kadi chache za kuua: hiyo haishambulii mapema vya kutosha, wala haifiki zamu ya nane ikiwa na kadi mkononi. Ukitaka kuihama Faeries baadaye, Counterspell, Brainstorm, Ponder na Preordain unahama nazo. Ongeza kadi nyeusi na ardhi sita. Kabla ya kulipa, zijaribu zote mbili bure kwenye programu za Cockatrice au XMage.