Kompyuta ya injini ya Silverado haibridi: kazi niliyofanyiwa Ndeeba

Mwenye pikapu ya haibridi (yenye injini ya petroli na mota za umeme pamoja) hapa Uganda anajua taabu yake, makanika akifungua boneti akaona zile waya za rangi ya machungwa za umeme mkubwa anarudi nyuma, au mbaya zaidi anakwambia betri kubwa imekufa hata mita hajatoa mfukoni. Mimi niko Arua, gari ni Chevrolet Silverado Hybrid ya 2010, usukani kushoto, ililetwa na wamisheni wa Kimarekani na walipoondoka nikainunua kwao. Hizi gari hazikutoka nyingi, zenye mfumo huu ni modeli za 2009 mpaka 2013 basi, kwa hiyo spea zake usitegemee kuzikuta zimepangwa dukani. Nabebea asali na vifaa vya sola, na nimeamua kuandika hii kwa sababu kazi niliyofanyiwa kwenye gereji moja ya fundi umeme pale Ndeeba, Kampala, nimeipenda kwa kweli, na najua kuna wengine wanahangaika.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Gari ikipata joto, hasa kule Pakwach kwenye lile joto la chini mtoni, injini inazima. Sasa kwa haibridi injini kuzima ni kawaida yake, ukisimama tu inazima yenyewe kubana mafuta na gari inaondoka kwa umeme, kwa hiyo mtu anaweza kuendesha hivyo muda mrefu hajui kama ana tatizo. Angalieni ile saa ya mizunguko ya injini kwenye dashibodi, mshale ukisimama pale palipoandikwa AUTO STOP injini imepumzika tu, ukianguka mpaka OFF wakati unaenda hapo kuna kitu. Wangu ulikuwa unaanguka OFF na mzigo nyuma, taa ya cheki injini inawaka, sukani (maana nayo inatumia umeme) inakutia wasiwasi, unajivuta pembeni. Ukiiacha ipoe inawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Gereji ya kwanza, siitaji, waliunganisha mashine ya dayagnosi (ya kusoma hitilafu) wakaona kodi mbili, yaani namba za hitilafu, P0606 na U0100, ya kwanza inalalamikia akili ya kompyuta ya injini yenyewe na ya pili inasema kompyuta nyingine za gari zimepoteza mawasiliano nayo. Zote zinazungumzia kompyuta, lakini jibu likawa badilisha betri ya haibridi. Naelewa kwa nini wanakimbilia huko, hii gari haina stata ya kawaida wala altaneta, injini inapigwa na mota zilizo ndani ya giaboksi kwa umeme wa ile betri ya volti 300, kwa hiyo ikigoma kuwaka kila mtu ananyooshea betri kidole. Ila betri ni hela nyingi sana, huwezi kumwambia mtu atoe hela hiyo kwa kubahatisha.

Yule kijana wa Ndeeba alinishangaza kwa sababu hakugusa kompyuta kwanza. Alianza na betri ndogo ya volti 12, akafuata waya za athi (zinazounga betri na bodi ya gari) mmoja mmoja akazikwangua na kuzikaza, akaja kwenye soketi ya dayagnosi chini ya dashibodi akaweka mita pini ya 6 na ya 14, ikasoma ohmu 60, akasema waya za mawasiliano ziko sawa. Halafu akapima ile laini ya volti 5 ambayo kompyuta inazipa sensa, vile vipimo vinavyoipa habari za injini. Nikamuuliza hiyo ya nini tena, akanijibu, "Mzee, sensa moja ikishoti inavuta volti 5 yote chini, na sensa zingine zote zinaonekana zimekufa, mtu anasema kompyuta imeisha. Unaleta mpya, nayo inaonyesha vilevile." Kwa hiyo alichomoa sensa moja moja huku anaangalia mita, kazi ya kuchosha, na hakuruka hata moja.

Baada ya hapo ndio akaleta mashine ya kukaushia nywele. Kompyuta ya injini iko kule mbele upande wa kushoto wa boneti, kiboksi cha bati chenye soketi kubwa za kufunga kwa klipu. Akawasha gari, ikanguruma vizuri, akaanza kuipuliza hewa ya moto ile boksi peke yake. Haikuchukua muda, injini ikakata na mashine ya dayagnosi ikasema haina mawasiliano na kompyuta. Akazima hewa ya moto, akaipulizia ya kawaida mpaka ikapoa, gari ikawaka. Akarudia mbele yangu ili nisiwe na shaka. Mimi hapo nilikubali kutoa hela, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kinachokufa ni nini.

Kitu kingine muhimu hapa, alisema nimekuja wakati mzuri, kompyuta inaugua ila haijafa. Ikiwa bado inasomeka inapopoa, unaweza kutoa data yake yote, namba ya chesisi, siri ya funguo, programu, ukaihamishia kwenye kompyuta nyingine ya aina hiyohiyo na gari haijui kama imebadilishiwa. Ikifa kabisa inabidi uprogramu upya kupitia intaneti ya kampuni iliyotengeneza gari, kwa malipo yao, halafu uanze kuizoesha na mfumo wa kuzuia wizi, na kwa gari ambayo hapa haina wakala wa kuikimbilia hiyo ni safari nyingine kabisa. Kwa hiyo wenye dalili kama zangu msingoje.

Kompyuta tuliagiza yuzdi (iliyokwisha tumika) kutoka Marekani kupitia mtu wake, namba ya kwenye stika ilingane tarakimu kwa tarakimu, hapo alikuwa mkali sana, kuna mtu mwingine alishaniletea ya Silverado ya kawaida ya V8 kwa bei nafuu, kwa nje zinafanana kabisa, akaikataa. Siku ya kuifunga kwanza alichomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, amevaa glavu za mpira zile za volti 1000 na za ngozi juu yake, akangoja umeme uliobaki kwenye mitambo uishe ndio akaendelea, ingawa kompyuta yenyewe ni ya volti 12 na haigusani na waya za machungwa. Kuhamisha data alifanyia mezani, akiwa ameunga betri na chaja ya kushikilia volti, na kweli stima ilikatika katikati ya kazi na laptopu yake haikutikisika, bila ile betri kompyuta yangu ingekuwa jiwe.

Ilipowaka ikabaki kodi moja, P0315, maana yake kompyuta mpya haijajifunza jinsi krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya injini hii inavyozunguka, akaifundisha kwa mashine ikafutika. Tukaenda kuijaribu barabara ya Masaka mpaka Nsangi na kurudi, foleni ya Kyengera ikatusaidia kuipasha moto vizuri.

Sasa ya kulalamikia. Bei ya kazi hakunitajia mpaka mwisho, akaniambia laki saba, sikatai kazi ina thamani hiyo lakini mtu anatoka Arua na bajeti yake anatakiwa ajue mapema. Kompyuta na usafiri ilikaribia milioni moja na laki moja. Simu hapokei akiwa kazini, mzigo ulipochelewa njiani nilikaa gizani bila habari. Risiti niliomba mara ya pili ndio nikapewa. Na garantii yake ni ya kazi, kompyuta yuzdi hailindi, afadhali alilisema wazi.

Tangu hapo nimeshapanda na kushuka na mzigo, Karuma, Pakwach, saa saba mchana jua limesimama, mshale unaenda AUTO STOP na kurudi kama inavyotakiwa. Kinachonisumbua sasa ni ile feni inayopooza betri kubwa chini ya siti ya nyuma, vumbi la huku limeshaingia humo na imeanza kupiga kelele. Nikishuka Kampala tena nampelekea yeye, na safari hii anitajie bei kabla hajashika spana.