Kisanduku cha Televisheni Kilichogoma Kuunganika Baada ya Kusasishwa: Tathmini

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kile kisanduku kidogo cheusi kinachounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, kinachoendeshwa na mfumo wa Android TV, na ambacho wauzaji wa Kariakoo hukiita kwa kifupi "boksi". Si king'amuzi. Hakina dishi wala antena, na uhai wake wote unategemea mtandao wa nyumbani, iwe ni kwa kutazama video za YouTube au kwa kucheza filamu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta iliyo chumba kingine. Jina la kampuni iliyokitengeneza nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu tabia ninazozieleza zinapatikana katika visanduku vingi vya daraja hilo, na mnunuzi atakayelikwepa jina moja dukani anaweza kuangukia jingine lenye kasoro zilezile.

Kama kicheza filamu, kifaa hiki kinafanya kazi yake vizuri na sina sababu ya kukisingizia. Picha ni safi hata kwenye televisheni kubwa, sauti haiachani na midomo ya waigizaji, rimoti inaitika upesi, na ubavuni kuna tundu la waya wa mtandao, ambalo watengenezaji wa visanduku vya bei ya chini zaidi huliondoa ili kupunguza gharama. Tundu hilo lina ukomo wa megabiti 100 kwa sekunde, na wapo wanaolidharau kwa sababu hiyo. Lakini Netflix hupendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, kwa hiyo anayetazama kwa njia ya intaneti hatakaribia ukomo huo. Atakayeuhisi ni yule mwenye nakala kamili za diski za Blu-ray za 4K, na watu wa namna hiyo si wengi mtaani kwetu.

Matatizo yalianza pale mtengenezaji alipotoa sasisho la kukipandisha kisanduku kutoka Android 9 hadi Android 11. Sasisho lilishuka na kusakinishwa bila hitilafu yoyote, na kifaa kikawaka kikiwa na sura mpya. Ila kila programu iliyohitaji mtandao ilijibu kwa maneno yaleyale, kwamba hakuna muunganisho. YouTube ilisema hivyo, duka la programu likasema hivyo, na Kodi, ambayo kwangu kazi yake ni kusoma filamu kutoka kwenye kompyuta, ikadai kwamba haiioni kompyuta hiyo. Hapo ndipo ninapokinyima kifaa hiki alama zake nyingi. Chini ya ujumbe huo mmoja yalikuwamo matatizo mawili yasiyohusiana kabisa, na hakuna ukurasa wowote katika mipangilio yake unaomwonyesha mtumiaji muunganisho umekatikia wapi: kati ya kisanduku na ruta, kati ya ruta na intaneti, au kati ya kisanduku na kompyuta ya nyumbani.

Huduma kwa wateja, ambayo hupatikana kwa barua pepe pekee, ilijibu kwa adabu na kwa haraka kuliko nilivyotarajia, lakini jibu lenyewe lilikuwa la kukariri: futa mtandao wa waifai kwenye kumbukumbu ya kifaa, uunganishe upya, na ikishindikana rudisha mipangilio ya kiwandani. Ushauri huo ulizalisha tatizo la tatu. Tangu Android 10 iliyotoka mwaka 2019, kifaa kinapojiunga na mtandao mpya wa waifai kwa kawaida hakijitambulishi tena kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho kilichotoka nayo kiwandani, bali hujitungia anwani ya kubahatisha ili kisifuatiliwe kirahisi kinapohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ni hatua nzuri kwa faragha. Ila ruta nyingi za majumbani, na yangu ikiwamo, zimewekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa ili bando lisimalizwe na watoto wa jirani, na orodha hiyo huvitambua vifaa kwa anwani zilezile za kiwandani. Kisanduku kilichokuwa kinaunganika na ruta bila shida kikawa sasa kinakataliwa mlangoni. Mwenye tatizo la namna hiyo afungue maelezo ya mtandao wake kwenye mipangilio ya waifai, atafute kipengele cha faragha, na achague kutumia anwani halisi ya kifaa. Au aiongeze anwani mpya kwenye orodha ya ruta. Mtu wa huduma kwa wateja angeweza kuuliza kwanza kama ruta ina orodha ya namna hiyo, na lingekuwa swali la mstari mmoja.

Tatizo la intaneti lenyewe lilikuwa la saa, na nadhani hili ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi, kwa sababu hakuna anayetazamia kwamba tarehe isiyo sahihi inaweza kumnyima video. Kompyuta ina betri ndogo inayotunza saa hata umeme ukikatika. Visanduku vingi vya daraja hili havina. Kila vinapozimika kabisa hupoteza wakati, na vinapowaka huuomba upya kutoka kwenye seva za muda zilizoko mtandaoni. Sasisho lilikuwa limezima chaguo la kupata wakati kwa njia hiyo, na kisanduku kikawa kinaishi katika mwaka uliokwishapita zamani. Kila tovuti yenye mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji hutoa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kifaa ambacho saa yake imerudi nyuma hukiona cheti hicho kuwa hakijaanza kutumika, kikakikataa na kukata mawasiliano bila kujali kwamba waya na ruta ni vizima. Android huongeza jambo jingine juu yake: ili kuamua kama intaneti ipo, hutuma ombi dogo kwenye seva ya Google na kungoja jibu tupu lenye namba 204, na jibu hilo lisipofika kama linavyotarajiwa, mfumo hutangaza kwamba umeunganishwa lakini hakuna intaneti.

Tiba yake ni nyepesi. Fungua tarehe na saa kwenye mipangilio, washa chaguo la kupata wakati kutoka mtandaoni, chagua saa za Afrika Mashariki, kisha kizime kifaa na kukiwasha. Kikigoma, andika tarehe kwa mkono ujaribu YouTube tena. Ikifunguka, umekwisha kujua kwamba tatizo halikuwa la mtoa huduma wako wa intaneti, na umeokoa muda ambao ungeutumia kusubiri kwenye simu.

Yako pia matatizo ya vyeti ambayo hayamo nyumbani kwa mtumiaji hata kidogo. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti cha mzizi, yaani cheti kikuu kinachothibitisha vingine, kilichokuwa kikitegemewa na vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalozipa tovuti vyeti bila malipo, na vifaa vingi vya zamani visivyopata tena masasisho vikashindwa kufungua tovuti ambazo siku iliyotangulia vilizifungua. Machi 2025 ilikuwa zamu ya Chromecast za kizazi cha pili, vifaa vya Google vya kurushia video kwenye televisheni, ambazo ziliacha kufanya kazi duniani kote kwa sababu ya cheti kilichoisha muda, na Google ikawasihi wenye navyo wasirudishe mipangilio ya kiwandani wakati marekebisho yakiandaliwa. Nayataja haya kwa sababu ushauri wa kufuta kila kitu, ambao huduma kwa wateja huukimbilia, si dawa isiyo na madhara: wakati mwingine kifaa kilichofutwa hushindwa hata kumaliza hatua za kuanzishwa upya, maana hatua hizo nazo zinahitaji mtandao.

Baada ya saa kurekebishwa YouTube ilirudi, lakini Kodi iliendelea kutoiona kompyuta, na hapa kisanduku hakina lawama. Kompyuta nayo ilikuwa imepanda hadi Windows 11 toleo la 24H2, lililoanza kusambazwa Oktoba 2024, na toleo hilo kwa watumiaji wa Pro, Enterprise na Education linataka kila ujumbe unaopita kwa itifaki ya SMB, ile lugha ambayo Windows huitumia kugawana mafaili na vifaa vingine vya nyumbani, utiwe saini ya kielektroniki. Saini hutengenezwa kwa ufunguo unaotokana na neno la siri la mtumiaji. Folda iliyoachwa wazi ili yeyote aliye nyumbani aingie kama mgeni haina neno la siri, hivyo hakuna ufunguo, hakuna saini, na mlango unafungwa. Ukali kuhusu SMB haukuanzia hapo: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia tundu katika SMB ya toleo la kwanza, na mwaka huohuo Windows 10 toleo la 1709 ikaacha kulisakinisha toleo hilo kwenye kompyuta mpya. Upande wa mfumo wa Linux, Samba 4.11, programu inayofanya kazi ya SMB huko, ikalizima mwaka 2019.

Kuondoka kwa toleo la kwanza kulileta usumbufu mwingine ambao watu huuhesabu kama ubovu. Orodha ya kompyuta zilizomo nyumbani, ile unayoifungua kwenye Kodi ukitarajia kuchagua jina, ilitegemea njia za zamani zilizoandamana na toleo hilo. Siku hizi orodha inaweza kuwa tupu huku kompyuta ikiwa hewani na tayari kutoa filamu. Usiichague kompyuta kwenye orodha. Chagua kuongeza mahali pa mtandao, kisha uandike kwa mkono anwani ya kompyuta, jina la folda, jina la mtumiaji na neno la siri. Mtumiaji huyo atengenezwe mahsusi kwenye kompyuta, apewe neno la siri la kawaida na ruhusa ya kusoma tu, kwa kuwa zile tarakimu fupi tunazofungulia Windows asubuhi hazikubaliki kwa SMB. Hakikisha vilevile kwamba Windows imeutambua mtandao wa nyumbani kuwa wa faragha na si wa umma, kisha uiambie ruta iitunzie kompyuta anwani moja ya kudumu, la sivyo kazi hiyo itarudiwa kila anwani inapobadilika. Kwenye mipangilio ya Kodi, sehemu ya huduma, kuna mahali pa kuweka toleo la chini na la juu la SMB. Weka la pili na la tatu. Wapo mafundi watakaokushauri uliwashe tena toleo la kwanza kwenye kompyuta ili mambo yawe kama zamani. Wakatalie.

Nikizungumzia mafundi, duka nililonunulia lilinipa risiti yenye dhamana ya mwaka mmoja, lakini muuzaji alieleza kwamba dhamana hiyo ni ya kuungua na kufa kwa kifaa, na kwamba mambo ya programu ni juu ya mteja. Fundi wa duka alijitolea "kukiflashi", yaani kukifutia mfumo wote na kukipakia mwingine kutoka kwenye flashi yake, kwa malipo ya ziada. Sikukubali, na ninamshauri msomaji naye asikubali kwa urahisi, kwa kuwa mfumo unaotoka kwa mtu asiyejulikana ni hatari kuliko kisanduku kisichounganika. Juni 2025 shirika la FBI la Marekani lilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa programu haribifu uliokutwa ndani ya vifaa vya majumbani vikiwamo visanduku vya televisheni, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla ya kumfikia mnunuzi na vingine wakati wa kuanzishwa kwa kupakua programu zenye mlango wa siri. Moja ya dalili zilizotajwa ni kifaa kinachokutaka uzime ulinzi wa Google Play Protect. Kisanduku hiki hakikuomba jambo hilo, na kwa hilo ninakisifu.

Kwa hiyo hukumu yangu imegawanyika. Kwa ubora wa picha na sauti, kwa tundu la waya, na kwa kuwa mtengenezaji angalau anatoa masasisho, kisanduku kinastahili bei yake, ambayo dukani ilikuwa kiasi cha laki moja na themanini. Kwa namna kinavyomwacha mtumiaji gizani mambo yanapoharibika, hakistahili kuwekwa nyumbani kwa wazazi walioko mkoani, ambako hakuna mtu wa kufungua mipangilio ya ruta. Huko ningepeleka kifaa ghali zaidi kinachoeleza kosa lake kwa maneno mahususi, hata kama picha yake haitakuwa bora kuliko hii. Anayekinunua kwa matumizi yake mwenyewe na asiyeogopa menyu atakaa nacho vizuri, mradi akiunganishe kwa waya na atazame tarehe yake kila umeme unaporudi. Dukani, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akiwashe, ufungue sehemu ya maelezo ya kifaa na usome tarehe ya kiraka cha usalama cha Android: ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, mtengenezaji huyo amekwisha kuacha kukihudumia, na hata ukipunguziwa bei usikichukue.