Kamusi ya mtumba ya elfu 13, niliipima kwa neno "head"

Ukitaka kujua kamusi ya kiingereza ina kitu ndani au ni unene tu, fungua kwenye neno "head". Mi ndo nilivyofanya pale Posta kwa wale jamaa wanaopanga vitabu vya mtumba chini, nikasimama na jua lote lile nasoma ukurasa mmoja, yule kijana akaniambia dada angu soma tu hata ukitaka kukaa kaa. Alianza na 20,000 tukamalizana 13,000. Jalada la mbele limeshang'oka na kurasa za mwanzo hazipo kwahiyo msiniulize ni ya kampuni gani, ni ile ya kiingereza kwa kiingereza, nene, karatasi nyembamba kama za msahafu.

Sababu ya kwenda kuitafuta ni hii. Natafsiri vitu vidogo vidogo kwa malipo, habari za mpira, mapishi, maelekezo ya mashine, na siku zote nilikuwa nategemea aplikesheni moja ya bure kwenye simu. Siku hiyo nimeletewa habari ya mechi, ndani kuna sentensi kwamba mchezaji wa akiba "headed home in the 88th minute". Mi mpira sifuatilii, nikauliza simu, simu ikasema alielekea nyumbani dakika ya 88, nikaona sawa labda kaumia katolewa, nikatuma. Mteja akanipigia, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema mwanangu huyu kafunga goli la kichwa, wewe umemrudisha kwao. Iliniuma sana, pesa alinilipa lakini ile kazi aliirekebisha mwenyewe. Sentensi ileile kwenye habari ya msafiri ingekuwa kweli anarudi nyumbani, kwenye mpira kaujaza wavuni kwa kichwa, na ile ya simu haina hata alama ya kukuonya kuwa kuna maana mbili.

Sasa hii ya mtumba. "Head" peke yake inakaribia kurasa mbili, kila maana ina namba na mfano wake wa sentensi, na hapo ndo utaona kichwa cha kiingereza kinaenda mpaka pasipotegemewa. Kuna head ya msumari, hiyo na sisi tunasema kichwa cha msumari hakuna shida. Head ya bia ni lile povu la juu. Head ya mto ni chanzo chake kule unakoanzia. Head ya kitanda, hapa nilifurahi kwa sababu kiswahili kina neno lake kamili, mchago, na najua watu kibao wanaoandika "kichwa cha kitanda" wakati bibi zetu wote walikuwa wanasema mchago. Head ya jipu ni pale linapotunga usaha likakaribia kupasuka, ndo maana mwingereza akisema jambo "has come to a head" anamaanisha limeiva, limefika pa kupasukia. Head of garlic ni kitunguu saumu kizima chenye punje zake zote, ukikosea hapo ukaandika punje moja umeharibu mchuzi wa watu.

Kwenye kuhesabu mifugo nako kuna kitu ambacho shule hatukufundishwa vizuri, ni "fifty head of cattle", haiwekwi s hata kama ng'ombe ni elfu. Na "per head" ni kwa kila mtu, kama konda anavyosema bado vichwa viwili tuondoke, hapo mwingereza na daladala wanaelewana kabisa.

Ile iliyonishangaza zaidi ni ya baharini. Kwenye meli na boti "the head" ni choo. Sio utani, ni neno rasmi kabisa, zamani kwenye meli za matanga mabaharia walikuwa wanajisaidia kule mbele kabisa, kwenye omo, na omo ya meli kiingereza ilikuwa ni head, basi jina likabaki hata choo kilipohamishwa. Hebu fikiria maelekezo ya boti ya watalii yanasema "clean the head every morning" na mtafsiri ana ile ya simu yenye maana tatu tu.

Chini ya kila neno kubwa kuna mistari midogo inayosema neno limetoka wapi, maandishi madogo mno nasoma na tochi ya simu, ila ni hazina. Cattle, captain, capital na chief yote yanarudi kwenye caput, kilatini cha kichwa. Cabbage nayo inatoka kwenye neno la kifaransa cha zamani lenye maana hiyohiyo, kwahiyo mtu akisema "a head of cabbage" kwa asili anasema kichwa cha kichwa. Na poll, hii nilimsomea mpaka mama, zamani poll ni kichwa, ndo maana poll tax ni ileile kodi ya kichwa waliyotozwa babu zetu na mkoloni, na kura ikaitwa poll kwa sababu ni kuhesabu vichwa vya watu.

Kwenye visawe ndo nimeipenda kuliko kote. Peter Mark Roget, daktari wa uingereza, mwaka 1852 alitoa kitabu kule London kilichopanga maneno kwa maana badala ya alfabeti, na kazi za namna hiyo ni nzuri sana kwa mtu ambaye tayari anakijua kiingereza, anatafuta tu neno lililomtoka. Kwa sisi wengine orodha tupu ni hatari. Ile ya simu ukibonyeza visawe vya head inamwaga skull, nut, chief, captain, boss vyote mstari mmoja kama ni sawa. Kijana wa jirani yangu yupo kidato cha pili, alichukua humo akaandika "captain teacher" kwenye barua ya kuomba ruhusa, na kosa sio lake, kaambiwa ni sawa na head. Hii ya mtumba inatenganisha, za kichwa cha mwili mbali, za mkuu mbali, na imeandika kabisa kwamba noggin na bonce ni ya mtaani, pate ni ya zamani, skull ni fuvu lenyewe sio kichwa chote. Hiyo alama ndogo tu ya "informal" ndo inayokuokoa.

Mapungufu yapo. Haina kiswahili hata neno, kwahiyo inabidi uwe nayo pamoja na ile kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ya kiingereza kwa kiswahili ya mwaka 1996. Ni ya zamani, mambo ya kompyuta hakuna karibu yote, ingawa hedi ya redio kaseti na silinda hedi ya gari zipo, nilimuonesha fundi wa gereji ya karibu na kwetu akaisoma picha nzima kimya kimya. Nzito pia, sio ya kubeba kwenye begi la kazini.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu nilipofika nyumbani ndo nikagundua inakatikia kwenye "wood", kurasa za mwisho zote zimenyofoka, kwahiyo ukienda kununua angalia head halafu funua mpaka mwisho uhakikishe Z ipo.