Kubadilisha plasta za homoni wakati wa kukoma hedhi: tathmini yangu baada ya aina tatu

Katika mwaka mmoja na nusu nimetumia aina tatu za plasta za estradioli (aina ya estrojeni, homoni ya kike), zote za mikrogramu 50 kwa saa 24, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanawake wenzangu wanaoambiwa dukani kwamba dawa ni ile ile, kampuni tu ndiyo tofauti. Dawa ni ile ile kweli. Lakini gundi, ukubwa na muda wa kukaa mwilini hutofautiana sana, na kwa sisi tunaoishi Dodoma, penye jua kali na vumbi, tofauti hizo huonekana mapema.

Aina ya kwanza ilikuwa ya kukaa wiki nzima. Daktari wa magonjwa ya wanawake aliniandikia nikiwa na umri wa miaka 51, baada ya miezi mingi ya kuamka usiku wa manane kanga ikiwa imelowa chapachapa, huku joto likipanda kutoka kifuani hadi usoni. Katika wiki ya tatu jasho lilipungua, nami nikalala hadi alfajiri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hata hivyo, nilipoanza kuandika kwenye daftari niligundua kwamba joto lilikuwa likirudi siku ya sita na ya saba, wakati ambapo kingo za plasta zilikuwa zimeinuka na kuzungukwa na utepe mwekundu wa vumbi nililorudi nalo kutoka ofisini Mtumba. Katika plasta za namna hii dawa imechanganywa ndani ya gundi yenyewe, kwa hiyo sehemu iliyobanduka haipitishi kitu kwenye ngozi.

Duka lilipoishiwa nilipewa ya pili, pana na angavu, ya kubadilishwa mara mbili kwa wiki. Hii ilishika barabara, na joto halikurudi kabla ya siku ya kubadilisha, lakini iliniwasha mno: kila nilipoibandua iliacha alama nyekundu ya mraba juu ya tako, ambayo ilichukua siku kadhaa kufifia. Sitaji chapa za hizi mbili, kwa sababu ngozi ya mwenzangu huenda ikapatana nazo vizuri.

Ya tatu, ninayoendelea nayo, ni Estradot. Ya mikrogramu 50 ina eneo la sentimita za mraba 5 tu, yaani kama stempu ndogo ya posta, na dada yangu alipoiona aliniuliza kwa wasiwasi kama nimepunguziwa dozi. La hasha, ukubwa hutegemea jinsi gundi inavyoachia dawa, na cha kuangalia ni idadi ya mikrogramu iliyoandikwa kwenye boksi. Hainiwashi, nayo hukaa mahali pake tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Lakini siwezi kuficha kwamba wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, kwani matiti yaliuma na usingizi ukakatika tena, hata nikataka kurudia ile ya pili pamoja na muwasho wake. Daktari alinisihi nisubiri, na kufikia wiki ya tano hali ilikuwa imetulia. Vidonge vya projesteroni, homoni inayolinda mji wa mimba dhidi ya estrojeni, miligramu 100 kila usiku, havikubadilika wakati wote huo. Mwanamke mwenye mji wa mimba hapaswi kutumia estrojeni peke yake, kwa kuwa ukuta wa ndani huweza kunenepa na kuleta saratani. Mwenye kutokwa damu asiyoitarajia asiisingizie plasta mpya, bali amwone daktari.

Shida kubwa ya hapa kwetu ni mafuta. Ukavu wa Dodoma hutulazimisha kujipaka mwili mzima kila baada ya kuoga, na plasta haishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Mimi huacha sehemu ya juu ya matako bila kupaka chochote, hukausha vizuri, hubandika, kisha hukandamiza kwa kiganja kwa sekunde 10, nikibadilisha upande kila mara na kuepuka mahali panapobanwa na mkanda wa sketi. Mafuta ya nazi huyatumia baadaye tu, kuondoa gundi iliyobaki. Kwenye matiti haibandikwi kamwe.

Boksi halitakiwi kukaa mahali penye joto linalozidi nyuzi 25, wala kuwekwa kwenye friji, jambo ambalo mwezi wa Novemba si jepesi. Nimelihifadhi chini kabisa ya kabati, katika chumba kisichopigwa na jua la mchana. Nyota moja naipunguza kwa sababu ya upatikanaji: ninaagiza kupitia duka la dawa la Dar es Salaam na kulipa kutoka mfukoni, na sasa hupiga simu mwezi mmoja kabla ya kuishiwa, nikitaja jina la plasta pamoja na dozi, ili nisitumiwe nyingine bila kuulizwa.