Tahadhari: Tapeli wa safari za mapango ya Mlima Elgon

Ndugu zangu wa Kisumu na Kakamega, iwapo kijana atawauzia safari ya kijijini upande wa Endebess, yenye mapango, maporomoko ya maji, vilima na kulala kwa wenyeji, msitume hata shilingi. Ametula shilingi 24,000 za chama, zile mnazojua tulivyozichanga.

Hakuonekana mbabaishaji. Aliijua njia ya Kitale hadi lango la Chorlim la Hifadhi ya Mlima Elgon, akanieleza jinsi ndovu wanavyoingia usiku katika pango la Kitum na kuchokoa kuta kwa pembe ili wapate chumvi, akatuonya kwamba mvua ikinyesha barabara huteleza. Nilipotaka kuzungumza na mwenye nyumba, alimpa simu mama mmoja aliyeniita mwanangu, akauliza iwapo wazee wetu wanaweza kupanda mlima, akaniambia mursik, yale maziwa ya mgando, iko tayari kwenye kibuyu. Nyuma yake nilisikia ng'ombe wakilia. Nani angeishuku sauti kama ile?

Pesa za malazi alikuwa amekwisha kuzipokea. Asubuhi ya safari, tulipopumzika Kitale, alipiga simu akihema, akasema ada za hifadhi zisipolipwa kabla ya saa tatu nafasi zetu zitapotea. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa lile lile alilojitambulisha nalo, nikabonyeza namba ya siri huku mama mkwe akinishikia chai. Mara ikaja risiti yenye nembo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Langoni, askari aliitazama, akaitazama tena, akanirudishia simu akitikisa kichwa, na wazee tayari walikuwa wanashuka garini wakijinyoosha, wakidhani tumefika. Aibu niliyoiona mbele ya wakwe zangu haielezeki. Simu ya kijana huyo haijapatikana tena.

Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa nambari ya malipo 222222, si kwa simu ya mtu binafsi. Jina la kijiji pia alikuwa akilikwepa kila nilipouliza.

Akamatwe, ashtakiwe chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, arudishe kila senti na afungwe, maana amewaibia wazee na kuwachafulia jina wenyeji wa Elgon wanaopokea wageni kwa uaminifu. Nimeandikisha taarifa polisi na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ninayo. Yeyote aliyetapeliwa naye aniandikie ili tuunganishe malalamiko yetu.