Can't Pay? We'll Take It Away!: uzoefu wangu, na kwa nini utazame hati kuliko mlango

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya ucheshi wa watekelezaji wa hukumu wenyewe, watu wanaotukanwa asubuhi hadi jioni na bado wanaongea kwa upole wa muuza duka. Tatu zilizobaki zinatoka kwenye sekunde chache ambazo wengi huzipita: pale hati ya mahakama inapokunjuliwa na kamera ikatua juu ya jina la mdaiwa, kiasi na anwani. Ugomvi wote unaofuata chanzo chake kiko pale. Anayeutafuta mfululizo huu kwa ajili ya kelele za mlangoni atashiba kabla ya kipindi cha tatu.

Kwa asiyeufahamu: ni mfululizo wa televisheni ya Channel 5 ya Uingereza, ulioanza kurushwa 2014. Watekelezaji wa amri za Mahakama Kuu, kwa kawaida wawili wawili, wanafika nyumbani au kwenye biashara ya aliyeshindwa kesi, wanadai pesa, na wasipolipwa wanaandika orodha ya mali ya kuchukua. Mara nyingine kazi ni kumtoa mpangaji. Kila kipindi kinasuka mikasa miwili au mitatu kwa zamu, kwa hiyo ukivutiwa na mmoja itabidi uvumilie ule mwingine.

Huku kwetu Tanzania mtu wa karibu zaidi na hawa ni dalali wa mahakama, na hapo ndipo watazamaji wa Mwanza wanapoteleza. Nimesikia watu Kirumba na Igoma wakiutaja mfululizo huu kana kwamba unawaeleza wale vijana wa mikopo ya kausha damu wanaobeba friji na subwoofer ya mtu kwa sababu marejesho ya wiki yamekwama. Hao hawana hati. Dalali wa mahakama anaongozwa na kanuni za 2017: kabla ya kuteuliwa anatakiwa awe na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na anakwenda kukamata akiwa na amri yenye namba ya shauri na mhuri. Uingereza nako mkusanya madeni wa kawaida hana haki ya kuingia kwako. Anaweza kuandika barua na kubisha hodi, basi. Mfululizo unaitaja tofauti hii kwa sentensi moja tu, tena kwa haraka, na hilo ni kosa lake la kwanza.

Safari ya deni mpaka mlangoni haielezwi vizuri, kwa hiyo naiweka hapa. Mdai anashinda kesi katika mahakama ya chini. Deni likifika pauni 600 anaweza kuliomba lihamishiwe Mahakama Kuu ili litekelezwe na watu hawa. Madeni ya mikataba ya mikopo ya watumiaji inayosimamiwa kisheria hayahamishiki, ndiyo maana utaona zaidi fundi ambaye hakulipwa, mfanyakazi anayedai mshahara na mwenye nyumba anayedai kodi ya pango, na ni nadra kuona deni la kadi ya benki. Hati ikishatoka, mdaiwa anatumiwa notisi ya siku 7 kamili. Yale maneno ya mlangoni, "sikujua chochote", mara nyingi maana yake ni bahasha ambayo haikufunguliwa, au notisi iliyotumwa kwenye anwani ambayo mtu alishahama. Hili la pili ndilo la kuangalia: mdaiwa halisi akiwa alihama, aliyepo mlangoni hadaiwi hata senti, na kazi yake ni kuonyesha kitambulisho na mkataba wa pango. Vipindi kadhaa vinapoteza robo saa kwenye jambo ambalo karatasi moja ingelimaliza.

Sasa gharama, ambazo msimulizi huzirusha tu kama namba kubwa ya kutisha. Kwa viwango vilivyowekwa na kanuni za 2014 hatua ya notisi ilikuwa pauni 75. Wakifika mlangoni inaongezeka 190, pamoja na asilimia 7.5 ya sehemu ya deni inayozidi 1,000. Mdaiwa akikataa kusaini makubaliano ya kulipa kidogo kidogo huku mali ikiwa imeandikwa, au akisaini kisha akayavunja, inaingia 495. Mali ikifika kuuzwa ni 525 na asilimia nyingine 7.5. Chukua deni la pauni 3,000: 75, jumlisha 190, jumlisha 150, jumlisha 495, unapata 910 juu ya deni, kabla ya riba na kodi ya serikali. Akisaini siku ileile, ile 495 haimgusi. Kwa hiyo ukimwona mtekelezaji anambembeleza mtu asaini, usidhani ni hila tupu. Kwa mdaiwa huo ndio mlango wa bei nafuu kuliko yote iliyobaki, na nusu saa ya kufoka ndiyo inayoufunga.

Kuhusu mlango wenyewe, hapa ndipo ninapoomba mtu wa Mwanza asijifunzie sheria kwenye televisheni. Uingereza, kwa deni la namna hii, mtekelezaji haruhusiwi kuvunja nyumba ya kuishi safari ya kwanza, wala kumsukuma mtu apite. Anaingia kwa mlango ulio wazi au usiofungwa kwa ufunguo, kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Jengo la biashara ambalo hakuna anayeishi ndani ni habari nyingine. Hapo nguvu inaweza kutumika. Ndiyo maana mdaiwa mjanja kwenye mfululizo anaongea kupitia dirishani. Ujanja huo usiuige huku Mabatini, Mwanza. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, nyumba ya kuishi haiingiwi baada ya jua kutua wala kabla halijachomoza, lakini mchana, kama nyumba inakaliwa na mdaiwa mwenyewe na anazuia watu kuingia, mlango wa nje unaweza kuvunjwa. Ipo pia kanuni ya zamani na ya staha: chumba cha mwanamke ambaye kwa mila hajitokezi hadharani hakiingiwi mpaka apewe nafasi ya kutoka kwanza.

Yasiyokamatwa nayo yanatofautiana. Kule mdaiwa anabakiziwa vitu vya lazima vya nyumbani, kama jiko, friji, vitanda na nguo, pamoja na zana za kazi zisizozidi jumla ya pauni 1,350. Huo ukomo ndio unaoleta zogo kwenye gereji na saluni, kwa sababu kompyuta moja ya kupimia magari inaweza kuumaliza peke yake. Sura ya 33 inataja nguo, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za fundi, na kwa mkulima zana zake na mifugo na mbegu za kuendeshea maisha. Nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia nayo inalindwa. Usichanganye na nyumba uliyoiweka rehani benki: hiyo inafuata Sheria ya Ardhi, kwa notisi ya siku 60, na benki inaweza kuuza bila kupitia mahakamani. Wengi wanaolia kwamba "dalali wa mahakama kaniuzia nyumba" waliuziwa na dalali wa benki.

Vipindi bora kwangu ni vile ambavyo watekelezaji wanaondoka patupu. Kuna gari zuri uani, wanaingia kwenye simu na ofisi yao, inabainika gari bado lina mkopo wa kampuni ya fedha. Si mali ya mdaiwa, wanaliacha. Au hati imeandikwa jina la kampuni, na mwenye duka anatoa karatasi kwamba kampuni iliyopo sasa ni nyingine, hata kama kibao, kaunta na sura ya muuzaji ni vilevile. Inakera kuitazama, hasa ukimfikiria fundi anayesubiri pesa yake, lakini ndivyo kazi ilivyo. Umiliki ndio unaoua utekelezaji wa hukumu popote.

Mtu wa Mwaloni, kwenye soko la samaki la Mwanza, ataielewa sehemu hii kuliko mtu wa London. Boti ya dagaa iliyofungwa ufukweni ina mwenye mtumbwi, mwenye mashine, mwenye nyavu na taa, na mara nyingi hao ni watu watatu. Dalali akikamata vyote kwa deni la mmoja, wengine wawili watakwenda mahakamani na pingamizi chini ya Amri ya XXI, kanuni ya 57, ya hiyohiyo Sura ya 33, na mahakama itachunguza kila kitu kilikuwa mikononi mwa nani siku ya kukamatwa. Wanaoshinda ni wenye risiti na leseni za jina lao. Wanaoshindwa ni wale waliopeana mashine kwa kuaminiana. Mfululizo ungekuwa na thamani maradufu kama ungerudi kuonyesha madai ya wengine wanaosema mali ni yao yaliishaje. Kamera inaondoka na lori lililobeba mali.

Na lori nalo linaficha mambo. Orodha ya mali inaonekana kwa sekunde mbili, ilhali ndiyo kinga ya pande zote. Ukiandika "friji moja, TV moja, injini ya boti moja" umejitafutia kesi. Andika aina, ukubwa, namba ya utambulisho, na hali ya kitu: mashine ya boti ya HP 15 (nguvu za farasi), namba iliyogongwa kwenye bamba lake, kifuniko kimepasuka upande wa kushoto, tangi la mafuta lipo. Mdaiwa asaini, shahidi asaini. Akikataa, andika kwamba amekataa. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa akiwepo, maneno ya baadaye kwamba kulikuwa na simu mbili mezani yanapungua sana. Watekelezaji wa kwenye mfululizo wanabeba kamera za kifuani, nami naona hicho ndicho kifaa pekee cha kuwaonea wivu.

Mnada hauonyeshwi karibu kabisa. Kwetu ndiko vitumbua vinakoingia mchanga. Kwenye mali isiyohamishika mshindi wa mnada analipa asilimia 25 hapohapo na iliyobaki ndani ya siku 15. Akishindwa, mali inarudi kuuzwa upya na fedha yake ya awali inaweza kupotea. Vilevile mtazamaji haambiwi habari ya muda. Tanzania hukumu ya madai inaweza kukaziwa, yaani kutekelezwa, mpaka miaka 12, ila ukipita mwaka mmoja bila kuchukua hatua, mdaiwa lazima kwanza aitwe aeleze kwa nini isitekelezwe. Uingereza hati ya kukamata mali ina uhai wa miezi 12, na ndiyo maana watekelezaji wanaonekana wana haraka.

Vipindi vya kuwatoa wapangaji vinauma. Mara kwa mara utasikia mpangaji akisema halmashauri ilimshauri abaki ndani mpaka siku ya kutolewa, kwa kuwa akiondoka mapema atahesabiwa amejitakia kukosa makazi. Mtekelezaji analijua, mwenye nyumba analijua, watoto wamekaa kwenye ngazi na mabegi, na gharama zinapanda kwa kila mtu. Hapo msimulizi ananyamaza kidogo, na anafanya vizuri.

Ila kunyamaza kwa kamera kulihitajika zaidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba mfululizo huu uliingilia faragha ya mume na mke waliorekodiwa wakitolewa nyumbani, ikaamuru walipwe pauni 10,000 kila mmoja. Rufaa ya 2019 haikubadilisha kiasi hicho. Kwangu nyota moja imeondoka hapo. Deni ni jambo la mahakama, lakini chumba cha kulala cha mtu si ukumbi wa sinema. Na anayerekodi kwa simu jirani akikamatiwa mali kule Buzuruga kisha akaiweka kwenye status, akumbuke tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Namna ya kuutazama. Vipande vingi vimesambaa YouTube, lakini epuka vile vya dakika tano: vimekatwa mwanzo, na mwanzo ndiko hati iliko. Tafuta kipindi kizima, kama dakika 45. Kwa ubora wa 360p andaa MB 200 hadi 300. Picha inatosha, ila maandishi ya hati hayasomeki vizuri, kwa hiyo panda hadi 480p kwenye dakika za kwanza kisha ushuke. Lafudhi ni ngumu hata kwa mwenye Kiingereza kizuri, na maandishi ya chini ya skrini yanayojiandika yenyewe yanaharibu sana majina na tarakimu, hivyo kiasi cha deni kisikilize mara mbili. Ukirudi kutoka kila mapumziko ya matangazo, ruka dakika nzima. Msimulizi atakuwa anarudia aliyokwisha kusema.